Sahihi Langoni: Tafakuri ya Karani wa Ufalme wa Kuigiza

Neno sahihi lina maana mbili zinazojulikana na kila mwanafunzi wa Kiswahili. Sahihi ni kitu kisicho na kosa. Na sahihi ni ile alama ya mkono ambayo mtu huiweka chini ya waraka ili kuonyesha kwamba ameukubali. Wenzetu wa Tanzania wamejiepusha na utata huu kwa kusema saini, lakini sisi wa Kenya tumeendelea kulitumia neno moja kwa mambo yote mawili, kana kwamba kila anayetia sahihi amekwisha kuhakikisha kwamba anachokitilia sahihi ni sahihi. Hali halisi, kama tujuavyo, ni tofauti. Tunatia sahihi fomu za hospitali tukiwa na maumivu, fomu za mikopo tukiwa na haraka, na fomu za safari za shule usiku wa kuamkia safari yenyewe. Aghalabu hatusomi.

Katika makala haya ninakusudia kueleza jinsi nilivyofunzwa uzito wa sahihi mahali ambapo sikutarajia kufunzwa jambo hilo: kwenye meza ya kupokea watu, penye lango la ufalme wa kuigiza, katika jimbo la Ohio nchini Marekani.

Nilifika Ohio katika mwaka wa masomo wa 2022/2023 kupitia mpango wa Fulbright, ambao huwapeleka walimu chipukizi wa lugha mbalimbali kusaidia kufundisha katika vyuo vikuu vya Marekani. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha vijana wa huko salamu, ngeli na methali. Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwamo mama mmoja wa makamo ambaye alikuwa akijifunza Kiswahili baada ya saa za kazi. Siku moja akaniuliza kama ningependa kuandamana naye vitani mwishoni mwa juma. Nilicheka, kisha nikaenda.

Chama kinachoandaa vita hivyo kinaitwa Society for Creative Anachronism. Kilizaliwa tarehe 1 Mei 1966 katika ua wa nyumba moja mjini Berkeley, California, ambako marafiki kadhaa walikutana kwa karamu na mashindano ya upanga yaliyoiga mtindo wa Ulaya ya Zama za Kati. Mwaka 1968 kikasajiliwa kuwa shirika lisilo la kutafuta faida. Leo chama hicho kina falme ishirini, na kila ufalme una eneo lake katika ramani. Ohio imo katika Ufalme wa Kati, ulioanzishwa mwaka 1969. Mfalme wa huko hapatikani kwa kura wala kwa urithi, bali kwa kupigana mashindanoni hadi abaki mmoja, naye hutawala kwa muda wa miezi sita hivi, kisha akampisha mwingine. Wapiganaji huvaa deraya na kofia za chuma, ila panga zao ni za henzirani, hivyo pigo huumiza lakini halikati. Kila aingiaye sharti ajaribu kuvaa vazi la kabla ya karne ya 17. Mkutano mkubwa kuliko yote, uitwao Pennsic, ulianza mwaka 1972 na hufanyika magharibi mwa Pennsylvania kila msimu wa kiangazi. Watu wapatao elfu kumi hupiga mahema huko. Mikutano niliyohudhuria mimi ilikuwa midogo, ya watu mia moja au mia mbili, katika viwanja vya kupigia kambi vilivyozungukwa na mashamba ya mahindi.

Kwa kuwa sikujua kupigana, wala kufuma, wala kupiga kinanda cha kale, mwenyeji wangu alinipa kazi ambayo kila shughuli ya binadamu huihitaji na ambayo wachache huitamani. Alinikalisha mezani langoni.

Kabla mtu hajawa mfalme, mtawa au mfua vyuma, sharti apite mezani. Juu ya meza palikuwa na daftari, kisanduku cha pesa, kalamu zilizofungwa kwa uzi ili zisitoroke, na mawe manne ya kuzuia karatasi zisipeperushwe. Tulimuuliza kila mgeni jina lake halali na kutazama kitambulisho chake. Tuliangalia kama ni mwanachama, maana mwanachama aliyekwisha kutia sahihi hati ya chama alikuwa na kadi ya rangi ya samawati. Asiye nayo alilipa dola kadhaa zaidi, kisha akapewa kalamu na hati. Wazazi walijaza fomu za watoto. Aliyefika na suruali ya jinzi alielekezwa kwenye sanduku la mavazi ya kuazima. Mwishowe kila mtu alipewa alama ya kuonyesha kwamba amelipa, akaingia karne nyingine.

Katika baadhi ya falme, karani wa meza hiyo huitwa kwa jina la zimwi wa ngano za Skandinavia, yule akaaye chini ya daraja na kumzuia kila apitaye. Mimi sikuchukizwa na cheo hicho. Sisi tuliolelewa kwa ngano za mazimwi tunajua kwamba zimwi wa njiani huwa na swali moja, na kwamba msafiri hupona au huangamia kwa jinsi anavyolijibu.

Watu wengi walikuwa na majina mawili. La kwanza ni lile la kitambulisho, na la pili ni lile walilolichagua kwa ajili ya maisha yao ya kuigiza, wakalitafutia ushahidi katika nyaraka za kale. Fundi wa mabomba alikuwa bwana mkubwa wa Burgundy; karani wa benki alikuwa mwanamke wa Kiviking. Nami nilipoulizwa nilitoka wapi katika karne zile, nilijibu bila kusita kwamba nilitoka Kilwa. Ikanibidi nieleze kuwa Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji huo kwa uzuri wake, na kwamba Zama za Kati hazikuwa mali ya Ulaya peke yake. Walinisikiliza kwa makini kuliko nilivyotarajia. Mmoja wao alirudi jioni na daftari akaniomba nimtamkie majina ya masultani.

Hata hivyo, msomaji, kitu kilichonivutia zaidi mezani pale ni ile hati. Kila kitu kingine kiwanjani kilikuwa mchezo: taji, vyeo, mabango, kifo cha mpiganaji aliyeanguka kisha akainuka na kwenda kunywa maji. Hati peke yake haikucheza. Iliandikwa kwa lugha ya mawakili wa leo, sentensi moja ndefu ikifuatwa na nyingine ndefu zaidi. Ilisema kwamba shughuli hizi zina hatari, kwamba mtia sahihi anaikubali hatari hiyo kwa hiari yake, na kwamba akiumia hatakishtaki chama, wala maofisa wake, wala mwenye kiwanja. Iliwafunga hata warithi wake. Na ilidai lile jina la kwanza, la kitambulisho. Bwana mkubwa wa Burgundy hakuruhusiwa kuitia sahihi.

Nilizoea kuwatazama watu wakiitia sahihi. Waliinama, wakaandika, wakanyoosha mkono wa kupokea chenji, na macho yao tayari yako uwanjani. Sikuona hata wanne waliosoma hadi mwisho. Siwalaumu. Walikuwa wameisoma zamani, au waliwaamini marafiki zao, au walijua kwamba katika nchi yao hati kama hiyo hutolewa hata mtoto anapokwenda kuruka kwenye trampolini. Kwao hati ilikuwa kama bango la njiani ambalo dereva wa kila siku halioni tena.

Mapema mwezi wa Mei 2023, katika mkutano wangu wa mwisho kabla ya kurejea nyumbani, foleni ikiwa imefika barabarani, nilisikia Kiswahili. Mvulana wa miaka kumi na minne hivi alikuwa akimwambia baba yake, "Ni ya kuingia tu, baba. Weka saini twende." Nyuma yao alisimama mama aliyevaa vitenge maridadi na binti mdogo akiushika mkono wake. Kuhusu vitenge, afisa wa mavazi alikuwa ametazama, akafikiri, akaamua kwamba vazi la heshima ni vazi la heshima katika karne yoyote ile.

Niliwasalimu na kuwakaribisha. Baba alishtuka, kisha uso ukamkunjuka. "Dada, wewe unasikia Kiswahili?" akauliza. Nikamjibu kwamba nimetoka Kenya na kwamba Kiswahili ndicho ninachokifundisha. Walikuwa wakimbizi kutoka Kivu ya Kusini. Walikuwa wameishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Kongo, na mvulana huyu alizaliwa humo. Rafiki yake wa shule ndiye aliyemwalika, kwa sababu vijana nao wana mapigano yao, kwa panga zilizofunikwa sponji na chini ya macho ya msimamizi mtu mzima. Mvulana alitaka kupigana. Fomu iliyokuwa mbele ya baba yake haikuwa ya kuingia tu.

Hapo nililitambua jambo ambalo wengi walio ughaibuni wanalijua. Katika familia zilizohamia nchi ya lugha ngeni, mtoto ndiye mkalimani. Yeye huwatafsiria wazazi barua za shule, maneno ya daktari na bili za umeme. Kwa kawaida hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini siku hiyo mkalimani alikuwa na haja yake mwenyewe katika tafsiri, na haja ya kijana wa miaka kumi na minne aliyeuona upanga ni kubwa.

Baba hakuichukua kalamu. Aliigeuza karatasi akaangalia nyuma yake, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Kila karatasi niliyoweka saini imenihamisha mahali. Hii inanipeleka wapi?"

Nilimtazama mwenyeji wangu. Akaelewa, akasogeza kiti chake na kuanza kuihudumia foleni peke yake, nami nikatoka upande wa pili wa meza. Nikamwambia yule mzee, "Baba, mimi si wakili. Nitakusomea yaliyoandikwa, nisiongeze wala nisipunguze." Akakubali.

Wapenzi wa lugha, nawaambieni kwamba miaka yangu ya kusoma nadharia za tafsiri haikuwahi kunipa mtihani kama ule. Nilianza na neno kusamehe, kwa kuwa ndilo tulitumialo kwa deni: mtu humsamehe mwenzake deni, likafutika. Mzee akaniuliza papo hapo, "Nisamehe nani? Bado hakuna aliyenikosea." Alikuwa na haki. Katika Kiswahili msamaha huja baada ya kosa, nayo hati ile ilitaka msamaha utangulie kosa, tena kosa ambalo huenda lisitendwe kamwe. Basi nikasema: "Unaiacha haki ya kwenda mahakamani, endapo mtoto ataumia." Hilo likaeleweka.

Likaja neno dhima. Sisi wa fasihi tunalipenda neno hili. Tunazungumzia dhima ya mhusika, dhima ya wimbo, dhima ya fanani. Wanasheria nao wanalo kwa maana yao. Mezani pale halikuwa na dhima yoyote. Nililiweka kando nikasema mzigo: "Hatari ipo. Karatasi inasema mzigo wa hatari hiyo unaubeba wewe, si wao." Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepima gunia kabla ya kulitia begani.

Mwisho nikafika kwenye ridhaa. Nikasema, "Wanataka ridhaa yako kama mzazi." Akaniangalia. "Wanataka radhi yangu?"

Maneno hayo mawili ni ndugu. Yametoka katika shina moja la Kiarabu. Kwa mwanaisimu, hilo ni jambo la kamusi. Kwa mzazi, ni jambo jingine kabisa. Ridhaa hutolewa kwa kalamu, ilhali radhi ya mzazi ni kitu ambacho mtoto huishi nacho au huishi bila nacho maisha yake yote. Mzee yule hakuwa amekosea kusikia. Aliisikia ile hati kwa undani zaidi kuliko walioiandika. Ikiwa mwanawe angeumia uwanjani, angekuwa ameumia kwa radhi ya babake.

Basi akauliza maswali matatu. La kwanza: akikataa, je, watafukuzwa? Nikamjibu kwamba hapana. Fomu ya kuingia na fomu ya kupigana ni mbili tofauti, na wangeweza kuingia wote wakatazama. La pili: kijana atapigana na nani? Nikamweleza kwamba vijana hugawanywa kwa umri, na kwamba mwanawe angekuwa pamoja na wale wa miaka kumi na minne hadi kumi na saba. La tatu lilikuwa hili: "Akianguka, nani atakuwa wa kwanza kumfikia?"

Niliisoma hati tena kutoka juu hadi chini. Haikuwa na jibu. Ilieleza kwa ufasaha nani hatashtakiwa, lakini haikusema nani atakimbia. Nikamtuma mtu amwite msimamizi wa mapigano ya vijana. Akaja mwenyewe, jitu la ndevu nyingi lililovaa kanzu ya kijani, likiwa na upanga wa sponji mkononi. Nikamtafsiria swali. Akalifikiri, kisha akasema: "Mwambie asimame kwenye kamba, hapo hapo ukingoni. Akianguka, sote wawili tutakimbia, na nadhani yeye atanishinda mbio." Nilipoyatafsiri hayo, mama wa vitenge akacheka kwa mara ya kwanza. Mzee aliuchukua ule upanga akajipiga pajani, mara moja kwa wepesi, mara ya pili kwa nguvu. Akaurudisha.

Hakutia sahihi hapo. Alitia ile ya kuingia, na ile ya kupigana akaiweka chini ya jiwe mezani, akasema anakwenda kwanza kutazama. Mvulana alimfuata kimya, kichwa chini. Walikaa huko karibu saa nzima. Waliporudi, mzee aliichukua kalamu na kuandika majina yake matatu, herufi moja baada ya nyingine, kisha akamwambia mwanawe, "Haya. Nenda na radhi."

Huenda msomaji akasema kwamba nimelikuza jambo dogo, na kwamba hati kama hizo ni utaratibu tu. Katika jimbo lile si utaratibu tu. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Ohio iliamua kwamba mzazi anaweza, kwa niaba ya mtoto wake, kuachilia dai dhidi ya shirika lisilo la faida na watu wake wa kujitolea katika michezo ya jamii. Sababu ya mahakama inaeleweka: bila kinga hiyo, nani angejitolea kufundisha watoto wa wenzake mpira? Katika majimbo mengine mahakama zimekataa sahihi ya mzazi kumfunga mtoto. Lakini kalamu ya mzee yule ilikuwa Ohio, nayo ilikuwa na uzito.

Zaidi ya watu mia moja walipita mezani siku hiyo. Sheria inamchukulia kila mmoja wao kuwa amesoma, ameelewa na amekubali. Kwa hesabu yangu, mtu aliyefanya yote matatu kwa ukamilifu ni yule ambaye hakuijua lugha ya hati. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Maswali yake yaliigharimu foleni dakika ishirini hivi, na watu wachache walinung'unika. Nadhani hiyo ndiyo bei ya haki ya sahihi, na si bei kubwa.

Tangu nirejee nyumbani nimekuwa nikitazama fomu zetu kwa jicho jingine. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu, pale inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Sheria ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni maneno yenyewe. Muuguzi mwenye wagonjwa arobaini hana nafasi ya kusimama na kutafuta tofauti ya msamaha na kuachilia dai, au ya ridhaa na radhi. Kazi hiyo ni yetu sisi tunaokaa maktabani.

Nayo haiishi kwa kuunda istilahi. Istilahi tunazo, na nyingine ni nzuri, lakini neno dhima linapowekwa mbele ya mzazi mwenye kalamu mkononi linaweza kuwa geni sawa na neno la Kiingereza. Kipimo cha tafsiri ya namna hii ni kama mtu ataweza kuuliza swali lake la tatu baada ya kuisikia, lile ambalo karatasi haikulijibu.

Ndiyo maana ninatoa pendekezo kwa chama chetu. Kila muhula tuchague fomu moja ambayo Wakenya wa kawaida hutia sahihi: ya upasuaji, ya mkopo mdogo, ya safari ya wanafunzi, ya kushiriki katika utafiti, pamoja na zile tunazowapa watu sisi wenyewe tunapokwenda nyanjani kukusanya data. Tuitafsiri. Kisha, kabla ya kuichapisha, tumsomee kwa sauti mtu mmoja ambaye itamhusu, tunyamaze, na tuandike maswali atakayouliza. Fomu ya kwanza ninayo tayari mezani kwangu, nayo ni ya idhini ya upasuaji, kurasa mbili. Anayetaka kushirikiana nami anikute katika chumba cha semina kila Jumatano alasiri.